Wifi amenipa chumba cha bure, mwenye nyumba amepandisha kodi: nifanyeje?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, nimepanga Chang'ombe hapa Dodoma. Nauza chai na chapati kwenye kijiwe kimoja karibu na magereji, dakika kumi na tano kwa miguu kutoka nyumbani. Wateja wangu ni mafundi, vijana wa bodaboda na saidia fundi wanaosubiri kupakiwa kwenye gari kwenda saiti. Naamka saa tisa usiku kukanda unga, saa kumi na moja jiko limewaka. Siku nikipiga hesabu vizuri nabaki na faida ya elfu saba, na zaidi ya nusu ya hiyo naipata kabla ya saa moja asubuhi. Jumapili sitoki.

Nilikuja mjini kutoka Mpwapwa mwaka 2014. Chumba nilichoanzia kilikuwa elfu kumi na tano na nililipa mwezi kwa mwezi. Baada ya mtoto wa pili, mama mwenye nyumba akanihamishia chumba na sebule kwenye uwanja ule ule. Sasa nalipa elfu arobaini, kila baada ya miezi mitatu. Choo tunatumia kaya nne, umeme tunachangia LUKU, bomba liko uani. Si nyumba ya kujivunia, lakini nimeizoea.

Huyo mama mwenye nyumba watoto wangu wanamwita Bibi. Ana sukari na miguu inamsumbua. Bomba likikauka mimi ndiye ninayemnunulia madumu, siku za kliniki namsindikiza, na nikipika mlenda lazima bakuli lake litoke kwanza. Hakuna aliyenituma. Tumeishi hivyo miaka saba sasa.

Mwezi wa nane Bibi alianguka bafuni. Mwanawe anayeishi Dar akaja, akakaa wiki mbili, akazunguka kuuliza bei za vyumba, akaondoka. Wiki iliyofuata akatutumia ujumbe wapangaji wote: kuanzia tarehe 1 Desemba chumba na sebule ni elfu sabini, inalipwa miezi sita kwa mkupuo, asiyeweza aachie chumba tarehe 30 Novemba. Anasema wanafunzi wa chuo wako tayari kulipa hivyo. Nilipomuuliza Bibi aliinamisha kichwa, akaniambia, "Mwanangu, nyumba sasa iko mikononi mwa mwenzako." Nami sikumuuliza tena.

Miezi sita kwa elfu sabini ni laki nne na ishirini. Mimi kwenye simu nina elfu tisini. Kwenye kikoba nina hisa za laki mbili na sitini, lakini tunavunja katikati ya Desemba. Hizo za kikoba nilizipangia sare na madaftari ya Januari.

Sasa inakuja habari ya wifi. Ni dada wa mume wangu, ameajiriwa wizarani, yuko kwenye wale waliohamishwa kutoka Dar. Amejenga Ihumwa, nyumba nzuri, na uani ana chumba cha kujitegemea. Aliposikia akanipigia mwenyewe: "Wifi, unahangaika na kodi ya nini na mimi nipo? Hamia kwangu, hulipi hata senti, utanisaidiasaidia tu watoto asubuhi." Nililia kwa furaha. Baadaye usiku nikakumbuka kwamba dada yake wa kazi aliondoka wiki mbili kabla ya ile simu. Labda nawaza vibaya. Yeye hajawahi kunikosea.

Baba watoto yuko Geita kwenye machimbo mwaka wa tatu huu. Nilipomweleza alisema, "Nenda, huyo ni dada yangu, hakuna mjadala." Mwezi wa sita alituma laki moja. Sitaki kumlaumu, kule nako siku nyingine wanachimba mwezi mzima hawapati kitu.

Binti yangu yuko darasa la sita, mwakani anaingia la saba. Tukihamia Ihumwa atahama shule mwaka wa mtihani. Nilipomwambia hakulia wala hakusema kitu, alitoka tu akaenda kukaa kwa Bibi.

Kuna dada mmoja hapa kijiweni anakopesha, ile wanayoita kausha damu. Yuko tayari kunipa laki mbili, marejesho elfu kumi kila siku kwa siku 26. Shoga yangu anasema wengi wanaishi hivyo hivyo.

Wifi anataka jibu Jumapili hii. Naogopa kukataa nikaonekana najidai, na naogopa kukubali. Halafu nimesikia kwamba nchi za wenzetu serikali humlipia mpangaji maskini sehemu ya kodi. Kwetu jambo hilo lipo, au nimedanganywa? Kama lipo naanzia ofisi gani?

Nisaidie, Mama.

Mama Chapati, Chang'ombe, Dodoma


MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku unaokesha. Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama barua ya kodi. Mara ya pili nikaona kodi ni robo yake tu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye jibu fupi. Hukudanganywa. Marekani, kwa mfano, kuna mpango ambao familia ya kipato kidogo hulipa karibu asilimia 30 ya kipato chake na serikali humlipa mwenye nyumba kiasi kinachobaki. Ila hata huko, wengi wanaostahili hawaupati, na foleni yake huchukua miaka. Kwetu mpango wa namna hiyo, wa serikali kumlipia kodi mpangaji wa nyumba ya mtu binafsi, haupo. Tuna TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, na ule mpango wake wa kunusuru kaya maskini, ambao umekuwa ukitoa ruzuku kwa kaya zilizotambuliwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Ile si pesa ya kodi, ni ya kaya kujikimu, na mama mwenye biashara inayotembea kama wewe ana nafasi ndogo ya kutajwa. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962 na limejenga hapo kwenu Iyumbu na Chamwino, lakini bei ya nyumba zile haikumlenga mama wa chapati. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hiyo inakuhusu, lakini ni ya kikundi na ni ya biashara. Ukimwambia afisa maendeleo ya jamii wa kata kwamba unataka kulipia kodi atakurudisha. Ukienda na wenzako wa kikoba kwa ajili ya mtaji, hayo ni mazungumzo mengine, na hayatamalizika kabla ya Novemba.

Kwa hiyo kwetu msaada wa kodi una sura nyingine: wifi, shemeji, mjomba, mama mwenye nyumba mwenye huruma. Wewe umeishi kwenye msaada wa aina hiyo miaka saba bila kuuita msaada. Elfu arobaini kwa chumba na sebule, mjini Dodoma ya leo, ni bei ya Bibi, si ya soko. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, kila aliyekuwa na kiwanja alianza kuhesabu upya, na kabla ya hapo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kilikuwa kimeshaleta maelfu ya vijana, wengi wao wakitafuta vyumba. Bibi hakuhesabu upya. Alikuachia bei, nawe ukambebea madumu. Hakuna aliyeandika popote, wala hamkuwa mkinunuliana. Ndiyo maana mwanawe alipokuja kuangalia vitabu, mchango wako haukuonekana. Haukuwemo kitabuni.

Nasema haya si kwa kumtetea kijana yule. Nimepanga miaka kumi na moja maishani mwangu, nimehama mara tano, na bado nikisikia mlio wa ujumbe kwenye simu mwisho wa mwezi tumbo linakaza. Ila jiulize: anajua nani anampeleka mama yake kliniki? Alikaa wiki mbili tu, tena mama yake akiwa majeruhi na kila jirani akiingia na uji. Huenda anadhani ni majirani wote. Huenda anajua na hajali. Hizo ni hali mbili tofauti, nawe hujui ni ipi, kwa sababu mazungumzo yote mpaka sasa yamekuwa ujumbe mmoja uliotumwa kwa wapangaji wote.

Sasa tuhesabu, maana naona umehesabu kodi ukasahau vingine.

Faida ya elfu saba kwa siku 26 ni laki moja na themanini na mbili elfu kwa mwezi. Leo kodi inachukua elfu arobaini, yaani katika kila elfu kumi unayopata, elfu mbili na mia mbili hivi. Ikiwa elfu sabini itakuwa elfu tatu na mia nane. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, husema kaya ikivuka asilimia 30 inabanwa. Kipimo hicho kilitungwa na watu wenye mishahara, wasiojua siku ambayo mvua imenyesha na saiti zote zimefungwa, lakini kinatuonyesha kwamba huogopi bure. Elfu sabini itakubana. Haitakuua, itakubana.

Njoo Ihumwa. Huko kodi ni sifuri. Kijiwe chako kiko mjini, na saa kumi usiku utapata bodaboda tu, ambayo kwa umbali ule itakula faida yote. Basi tuseme utasubiri daladala ya kwanza. Kwenda na kurudi tuweke elfu mbili, kwa siku 26 ni elfu hamsini na mbili. Hiyo tayari imepita kodi unayolipa leo. Halafu utafika kijiweni wakati gari za saiti zimeshaondoka. Umesema mwenyewe zaidi ya nusu ya faida inapatikana kabla ya saa moja. Nusu ya elfu saba ni elfu tatu na mia tano, mara 26, elfu tisini na moja. Jumlisha na nauli: laki moja na arobaini na tatu elfu kila mwezi, kwa chumba cha bure.

Usiifanye hesabu hiyo kuwa hukumu dhidi ya wifi, kwa maana ina upande wa pili. Ihumwa ni jirani na Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, na huko kuna mafundi na walinzi ambao nao wanakunywa chai alfajiri. Mtu mwenye mkono wa chapati anaweza kuanza upya kule na katika miezi michache akawa na wateja kuliko wa magereji. Wapo waliohama na biashara ikakua. Lakini biashara hiyo nayo ni ya asubuhi, na wifi amesema anataka umsaidie watoto lini? Asubuhi.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini nikafikiri. Wewe umeandika kama mtu anayechagua kati ya vyumba viwili. Mimi ninachokiona kwenye barua ni asubuhi zako. Ndizo zinazolipa kodi, sare, unga na kikoba. Chumba cha uani ambacho bei yake ni asubuhi sita kwa wiki kina bei, tena kubwa, isipokuwa haitajwi kwa shilingi.

Kuhusu dada wa kazi aliyeondoka. Umeandika "labda nawaza vibaya." Kuwaza siyo vibaya, lakini usikimbilie kumvika wifi nia mbaya. Mtu anaweza kuwa na shida ya kweli na huruma ya kweli siku ile ile. Anatoka nyumbani gizani kuwahi kazini, watoto wadogo wamebaki, msichana ameondoka, anasikia wifi yake anafukuzwa na kodi. Kichwani mwake mambo mawili yakakutana na akafurahi, akidhani ameyatatua yote kwa simu moja. Inawezekana hajapiga hesabu kwamba chapati zako zinaanza saa tisa usiku. Watu wa mishahara hawajui saa zetu.

Hatari ninayoiona si yeye kuwa mbaya. Ni kutokuwa na maneno. Kwa Bibi mlikaa bila maneno miaka saba na ikawa heri, lakini ulikuwa mpangaji: ulilipa, ulikuwa na mlango wako. Kwa wifi hutakuwa mpangaji, hutakuwa mgeni, hutakuwa dada wa kazi, utakuwa vyote kidogokidogo. Siku ukichoka hutajua uombe likizo au useme asante. Siku mkikorofishana, na ndugu wanaoishi pamoja hukorofishana, hutakuwa na mwezi wa notisi. Na ukimweleza baba watoto, atajibu alivyojibu sasa.

Nimgeukie yeye kidogo, uniwie radhi. Umemtaja kwa upole na sitaki kuuharibu. Najua machimboni mtu anaweza kuingia shimoni miezi akatoka na vumbi. Ila ametoa neno moja, "nenda," na neno hilo halikumgharimu kitu. Wala hukusema kama ulimwomba chochote. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka mume amtunze mke na watoto kwa kadiri ya uwezo wake, na kuwa mbali hakumwondolei wajibu huo. Sikuambii ukimbilie ustawi wa jamii kesho. Nakuuliza tu: ungemtajia kiasi? Si "hali ni ngumu," hiyo ameizoea. Kiasi. Maana tazama: elfu tisini za kwenye simu na laki mbili na sitini za kikoba ni laki tatu na nusu. Kinachopungua kufikia laki nne na ishirini ni elfu sabini. Ni pungufu ya alichotuma mwezi wa sita.

Najua utasema ukilipa hivyo Januari itakukuta mikono mitupu. Ni kweli, na ndiyo sababu sikushauri ulipe miezi sita kama ilivyoandikwa kabla hujajaribu kuzungumza. Kodi ya nyumba hizi za watu binafsi haina bei elekezi. Iliyokuwa sheria ya kudhibiti kodi za pango, ya 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni makubaliano. Suala la miezi sita limepigiwa kelele bungeni zaidi ya mara moja, hapo hapo mjini kwenu, na wenye nyumba wanaendelea kuidai. Lakini neno makubaliano lina pande mbili. Yeye anataka uhakika wa pesa. Mwanafunzi atalipa mkupuo, kisha likizo ikifika anafunga mlango, au anamwingiza mwenzake bila kuaga, na Bibi atabaki na vijana wasiojua kliniki ni siku gani. Wewe una rekodi ya miaka, tena nadhani umetunza risiti, hata kama ni vikaratasi vya daftari. Kama hukutunza, anza leo.

Mpigie simu, usiandike ujumbe. Mpigie jioni akiwa ametulia, umsalimie, umuulize habari za watoto wake. Unaweza kumwambia una uwezo wa kulipa mwezi mmoja kwa bei mpya tarehe 30 Novemba, na miezi mingine miwili kikoba kikivunjwa wiki mbili baadaye, kisha muendelee kwa mitatu mitatu kama zamani. Angalia kwamba kati ya siku yake ya mwisho na siku ya kikoba ni wiki mbili tu. Wiki mbili hizo ndizo zinazokusukuma kwenye kausha damu. Unaweza pia kuomba bei ipande kwa hatua, hamsini na tano kwanza. Anaweza kukataa yote. Akikubali lolote, liandikwe, hata ukurasa mmoja, wewe usaini na yeye asaini, na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe ashuhudie.

Je, utaje ulichomfanyia mama yake? Hapa natofautiana na nafsi yangu. Upande mmoja nasema taja, kazi yako ni kazi. Upande mwingine naogopa: ukiitaja kama deni, kijana ataona ulikuwa ukimwekea mama yake bili kimyakimya, na Bibi akisikia ataumia. Kuna njia ya katikati, ya kumweleza kama taarifa: "Kaka, kama nitahama naomba nikueleze ratiba ya kliniki ya mama na dawa zake, ili ajulikane atakayemsindikiza." Halafu unyamaze. Ni taarifa ya kweli na anaihitaji, hata kama utaondoka. Wewe ndiye unayemjua Bibi, utapima kama inafaa.

Ikishindikana, ujue mambo mawili. Kodi uliyokwishalipa inakulinda mpaka siku yake ya mwisho. Na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukutolea vyombo nje kwa nguvu zake mwenyewe; kukiwa na mgogoro kuna Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na juu yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bure wasio na uwezo. Uliza ofisi ya kata wanakaa wapi. Lakini baraza haliwezi kumlazimisha akupangishe kwa elfu arobaini. Linakupa utaratibu, halikupi bei.

Kausha damu nisiseme mengi. Marejesho elfu kumi kwa siku, faida elfu saba kwa siku. Kila jioni utakuwa umepungukiwa elfu tatu kabla mtoto hajala, na mwisho wake umelipa laki mbili na sitini, yaani hisa zako zote za mwaka mzima. Shoga yako akisema wengi wanaishi hivyo, muulize wanalala saa ngapi. Kama lazima ukope, anza na kikoba chenyewe. Mwisho wa mzunguko vingi hufunga mikopo, lakini mfuko wa jamii wa kikoba mara nyingi huwa wazi kwa mwenye dharura, na kuachishwa nyumba ni dharura. Nadhani hukuwauliza kwa sababu ya aibu. Wale akina mama wenzako nao wamepanga, mwanangu.

Ipo pia njia usiyoitaja: chumba kimoja badala ya chumba na sebule, hapo hapo Chang'ombe au Nkuhungu, karibu na kijiwe na shule. Mtabanana, na binti wa umri huo anahitaji pazia lake. Tena dalali atataka mwezi wake mmoja, na huyo mwenye nyumba mpya naye atataka miezi sita. Siyo njia rahisi, naiweka mezani tu ili usije ukaamini milango ni miwili.

Kuhusu binti, amefanya jambo moja ukaliandika kwa sentensi moja: alitoka akaenda kukaa kwa Bibi. Usimwamulie kabla hujamsikia. Darasa la saba linaweza kusomwa Ihumwa na mtoto akafaulu, watoto huhama na dunia haianguki. Wengine huyumba. Yeye ni wa namna gani, mwalimu wake anajua kuliko mimi, na kumwona mwalimu ni asubuhi moja tu.

Basi Jumapili. Umeandika kana kwamba ni lazima uende na ndiyo au hapana. Unaweza kwenda na shukrani na swali. Shukrani iwe ya kweli, maana mtu aliyekupigia mwenyewe hakukosa moyo. Kisha muulize, bila mzunguko: "Wifi, nikija, asubuhi zangu zitakuwaje? Mimi saa kumi niko jikoni." Kama atasema ametafuta msichana mwingine na chumba ni chumba tu, umepata jambo la kufikiria kwa uzito, pengine na kijiwe kipya Mtumba. Akisema atakulipa kiasi fulani kwa kukaa na watoto, hiyo ni kazi, na kazi ina mshahara wa kujadili, hata baina ya mawifi. Akicheka akasema "hayo tutayaona ukishafika," mwombe wiki mbili zaidi, umwambie unasubiri jibu la mwenye nyumba. Itakuwa kweli, mradi umempigia simu kabla ya hapo.

Niandikie alivyojibu. Na usisahau kutoa bakuli la Bibi.